RASGULLA YA DAKIKA TANO? MASTAA WA VIDEO ZA MAPISHI WAACHE KUUZA UONGO KWA JINA LA JIKO LA KIBENGALI

Wadau, kuna mchezo unaendelea kwenye simu na watu wanauchekea tu. Fungua video za mapishi usiku wowote, hazipiti dakika tatu unakutana naye. Kavaa aproni nyeupe haina hata tone la mafuta, kucha ndefu, taa ya duara inammulika usoni. Anamimina maziwa ya unga kwenye bakuli, anapasua yai, anatupia baking poda kidogo, anaviringisha vidude vyeupe, anavitumbukiza kwenye maziwa yenye rangi ya njano. Juu ya video maandishi makubwa: rasgulla ya asili ya Bengali, dakika tano tu! Laiki zinashuka kama mvua ya masika.

Majina hayatatajwa hapa. Sababu ni kwamba hawa si mmoja wala wawili, ni kundi zima, wapo Kolkata, wapo Dhaka, wapo London, na kila mwenye simu ameshawaona. Ila wanachofanya lazima kisemwe, maana vijana wengi wanaojaribu kupika vyakula hivi nyumbani wanajifunzia kwao, na wanachofundishwa ni uongo uliopakwa rangi.

KWANZA, BENGALI NI WAPI?

Hapa ndipo wengi wanapotea, tena si kwa kosa lao. Huku Afrika Mashariki mtu akisema chakula cha Kihindi, picha inayokuja kichwani ni ladu, jalebi, barfi na sambusa. Ni sawa, kwa sababu Wahindi wengi waliovuka bahari kuja pwani yetu walitoka Gujarat na Kutch, upande wa magharibi wa India. Bengali ni upande wa pili kabisa, mashariki, kule mito mikubwa inakomwagikia baharini. Ni watu wa lugha moja waliogawanywa na mpaka mwaka 1947: Bengali Magharibi, ambayo ni jimbo la India na mji wake mkuu ni Kolkata, na upande wa pili nchi ambayo leo inaitwa Bangladesh, mji wake Dhaka. Huku wapo Wahindu wengi, kule wapo Waislamu wengi, na majiko yao yanafanana na kutofautiana kama majiko ya ndugu.

Chakula chao ni wali na samaki. Mafuta yao ni ya haradali, yale yanayowasha pua. Na utamu wao mwingi umejengwa juu ya kitu ambacho huku mtaani mtu akikiona kwenye sufuria anasonya na kukimwaga: maziwa yaliyokatika.

Ndiyo, yaliyokatika. Mbengali anachemsha maziwa fresh ya ng'ombe halafu anayakata kwa makusudi, kwa maji ya ndimu au siki. Yale mabonge meupe yanayobaki baada ya kuchuja ndiyo yanaitwa chhana. Hapo ndipo inazaliwa rasgulla, hapo ndipo inazaliwa sandesh, hapo ndipo zinazaliwa chomchom na ndugu zake. Barfi ya Kigujarati inatoka kwenye maziwa yaliyokaushwa motoni mpaka yakawa mazito. Ni kitu kingine kabisa. Sasa mtu akichukua maziwa ya unga na yai akasema hiyo ni rasgulla ya asili, ni sawa na mtu kukaanga andazi akasema ni kitumbua kwa sababu vyote ni vya duara.

BI DAKIKA TANO

Huyu ndiye wa kwanza kwenye kundi, na ndiye mwenye wafuasi wengi kuliko wote. Kazi yake ni kufupisha. Kitu cha saa nzima yeye anakifanya cha dakika tano, kitu cha siku mbili yeye anakimaliza kabla tangazo halijaisha.

Rasgulla siyo kitu cha mchezo kwa wenyewe. Kolkata wanamtaja mtengeneza vitamu wa mtaa wa Bagbazar, Nobin Chandra Das, kwamba ndiye aliyeitoa ile rasgulla laini kama sponji mwaka 1868. Majirani zao wa jimbo la Odisha wakagoma, wakasema kitu hicho ni chao na kimekuwa kikitolewa hekaluni Puri tangu zamani. Ugomvi ukafika serikalini. Mwaka 2017 Bengali Magharibi wakapewa alama ya kulinda jina la asili ya bidhaa kwa rasgulla ya Bengali, na mwaka 2019 Odisha nao wakapewa ya kwao kwa jina la kwao. Yaani majimbo mawili yamevutana miaka na miaka kwa ajili ya kidonge cha maziwa, halafu dada mmoja na bakuli la plastiki anakuja kusema ni dakika tano na yai moja. Jamani!

Basi ukweli usemwe ili kila mtu ajue anachoibiwa. Unachukua lita moja ya maziwa fresh ya ng'ombe yenye mafuta yake. Yale ya boksi yanayokaa miezi nje ya friji yanakatika vibaya, na ya nyati yanatoa chhana ngumu. Unachemsha, unazima moto, unasubiri kidogo, unatia maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji ya kawaida, kidogo kidogo, huku unakoroga taratibu. Maji yakishakuwa ya kijanikijani na mabonge yakajitenga, unasimama hapo hapo. Ukiendelea kutia ndimu, chhana inakakamaa. Unachuja kwa kitambaa chepesi, unasuuza kwa maji baridi kuondoa uchachu, unaning'iniza nusu saa hivi. Lita moja inakupa chhana kama gramu 150 hadi 200, basi.

Halafu inakuja kazi yenyewe, ambayo Bi Dakika Tano haionyeshi kamwe. Unaikanda chhana kwa kiganja, dakika nane, dakika kumi, mpaka inakuwa laini na kiganja kinaanza kuteleza kwa mafuta. Unaviringisha vidonge visivyo na ufa hata mmoja. Unatumbukiza kwenye shira nyepesi inayochemka kwa nguvu, maji mengi kuliko sukari, unafunika, dakika kama kumi na tano. Vinavimba mpaka karibu mara mbili. Shira ikiwa nzito vinabaki vidogo na vigumu. Chhana ikiwa na maji vinasambaratika sufuriani vyote, unabaki na uji.

Na vitasambaratika mara ya kwanza, hilo liko wazi. Ndiyo maana video hizi zina madhara. Binti wa miaka kumi na tisa anayejaribu kwa mara ya kwanza ameambiwa ni dakika tano na haikosei. Anatumia maziwa ya mwenye nyumba na sukari ya wiki nzima, anatoka na vitu vigumu kama golori. Anasema mimi mikono yangu mibaya, sijui kupika. Hajui kwamba alichopewa kilikuwa kibovu tangu mwanzo, na kwamba yule dada kwenye video alikata klipu pale vidonge vilipogoma, akaweka vingine alivyonunua dukani. Mtu anayeficha kushindwa kwake anamfundisha mwenzake kujidharau.

Sasa sikia na hili ndo linauma zaidi. Rasgulla siyo hata kitamu cha nyumbani! Kolkata watu wengi wananunua dukani kwa moira, fundi wa vitamu, ambaye kazi yake kairithi kwa baba na babu. Mwaka 1965 serikali ya Bengali Magharibi chini ya Prafulla Chandra Sen ilipiga marufuku kutengeneza vitamu vya chhana ili maziwa yawatoshe wananchi. Ilikuwa kelele tupu, mafundi wakabaki hawana kazi, na uchaguzi wa 1967 chama chake kikatolewa madarakani. Ilikuwepo na njaa ya chakula, yapo na mambo mengine, lakini watu wa kule hadi leo wakisimulia anguko lile hawaachi kutaja vitamu. Fundi wa dukani alikuwa na uzito huo.

Vitamu vya nyumbani ni vingine, na Bi Dakika Tano hana habari navyo kwa sababu havina rangi ya kupendeza kwenye kamera. Ni payesh, wali mdogo wenye harufu nzuri unaopikwa kwenye maziwa mpaka yanapungua. Mtoto wa Kibengali siku ya kuzaliwa anapikiwa payesh na mama yake, hata kama keki ipo. Ni naru, vidonge vya nazi iliyokunwa na sukari guru. Ni pithe za katikati ya Januari, siku ya Poush Sankranti, unga wa mchele mpya na nazi na sukari guru ya msimu: patishapta zinazokunjwa kama chapati za maji, puli zinazochemshwa kwenye maziwa, bhapa zinazopikwa kwa mvuke ambazo Dhaka wakati wa baridi zinauzwa hadi pembeni ya barabara. Ni shemai, tambi za maziwa za asubuhi ya Idi kwa Waislamu wa Bangladesh. Mtu wa pwani hapo hahitaji kuelezwa, tambi za Idi anazijua, na mbuzi ya kukunia nazi ipo uvunguni.

Yaani vitu vyenyewe vya nyumbani ni vya vifaa ambavyo jiko la Dar au Mombasa linavyo tayari. Lakini havipewi kiki, kwa sababu payesh ni nyeupe, haing'ai, na inataka mtu asimame anakoroga.

BWANA KARI

Wa pili ni mwanaume, mara nyingi yupo Ulaya, sauti nzito, kisu kikubwa. Kwake yeye Bengali nzima ni sufuria moja: vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, krimu, kijiko cha unga wa kari wa kopo. Akitia samaki anaita kari ya samaki ya Kibengali, akitia kuku anaita kari ya kuku ya Kibengali.

Watu wanamwamini kwa sababu Uingereza migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi inaendeshwa na watu wa asili ya Sylhet, Bangladesh. Kwa hiyo mtu anasema huyu si ni Mbengali, basi anachopika ni cha Kibengali. Hapana. Wale wazee walipika walichokitaka wateja wa Kiingereza ili familia ile, ugenini na baridi lote lile. Hiyo ni biashara na ni heshima yao. Lakini wakirudi nyumbani usiku, mke anapakua kitu kingine kabisa. Bwana Kari ameichukua menyu ya mgahawa akaivika kanzu ya nyumbani.

Mlo wa mchana wa nyumba ya Kibengali una mpangilio wake. Unaanza na kichungu, kama shukto: karela, ndizi mbichi, viazi vitamu, mbilingani, mwisho inamaliziwa na maziwa kidogo. Uchungu unafungua ulimi. Halafu dengu na kitu cha kukaanga, halafu mboga, halafu samaki, halafu nyama kama ipo, halafu chatne tamu ya nyanya na tende, halafu kitamu chenyewe. Kila kitu kinaliwa na wali kwa zamu yake ili kisimmeze mwenzake. Ukiviweka vyote kwenye bakuli moja na krimu juu, umeshaua nusu ya maana.

Na kuna viungo vyake. Panch phoron, mbegu tano zinazotupwa nzima kwenye mafuta ya moto: uwatu, habasoda, bizari nyembamba, shamari, na ya tano radhuni, ambayo wengi wakiikosa wanatia haradali. Nne kati ya hizo zinapatikana kwenye duka la viungo la Kariakoo bila hata kuuliza mara mbili. Bei yake haifiki bei ya lile kopo la kari. Kwa nini hazionyeshwi? Kwa sababu kopo lina mdhamini, mbegu hazina.

Chukua samaki wa haradali. Mbegu unaziloweka, unazisaga na chumvi na pilipili mbichi ili zisiwe chungu, unachanganya na manjano na mafuta ya haradali, unampaka samaki, unafunika, moto mdogo. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna krimu. Nusu saa imeisha. Samaki wao wa mapenzi ni ilish, samaki wa taifa wa Bangladesh, mwenye vimiba vingi vyembamba kama nywele. Bwana Kari anasema tumieni minofu isiyo na miba, ni rahisi. Kolkata na Dhaka mtoto anafundishwa kuchambua miba kwa ulimi na vidole kabla hajajua kuandika, na mezani ndipo bibi anapomwangalia mjukuu na kucheka. Ukiondoa miba umeondoa na ile saa ya kukaa pamoja.

Kwenye mafuta atetewe kidogo. Ulaya na Marekani chupa za mafuta ya haradali zinaandikwa kwamba ni ya kupaka mwilini tu, kwa sababu ya asidi fulani iliyomo ambayo mamlaka za huko zinaiwekea mipaka. Mtu akiamua kutumia mafuta mengine, sawa kabisa. Lakini aseme: nimebadilisha mafuta kwa sababu hii. Kuna ugumu gani?

DADA HAKUNA KUTUPA

Wa tatu ndiye anayeumiza kuliko wote, na ndiye mpole kuliko wote. Sauti laini, nguo za kitani, jiko lenye mimea dirishani. Anachukua maganda ya viazi na ya mung'unye, anayakaanga na habasoda na pilipili. Anachukua ua la mgomba analikatakata. Anachukua kile kiini cheupe cha mgomba uliokatwa, anakipika. Anasema ni mtindo mpya wa maisha, hakuna kutupa kitu, bila nyama, bila kitunguu wala kitunguu saumu, unasafisha mwili na roho. Anauza na kitabu cha kupakua.

Mpya? Dada, hicho chakula ni cha wajane.

Zamani kwenye familia za Kihindu za tabaka la juu Bengali, mabinti waliozwa wakiwa wadogo sana, mara nyingi kwa wanaume waliowazidi kwa miaka mingi. Mume akifa, binti anabaki mjane, wengine hata hawajafikisha miaka kumi na tano. Sheria ya kumruhusu mjane aolewe tena ilipatikana mwaka 1856, baada ya msomi Ishwar Chandra Vidyasagar kupambana kwa nguvu zote, lakini hata baada ya sheria, watu wengi waliendelea vilevile. Mjane alivuliwa mapambo, akavishwa nguo nyeupe, na akawekewa mipaka ya chakula: samaki marufuku, nyama marufuku, yai marufuku, kitunguu marufuku, kitunguu saumu marufuku, hata dengu nyekundu marufuku, eti vinaamsha mwili. Mlo wa kupikwa mmoja kwa siku. Siku za Ekadashi, funga, wengine bila hata tone la maji. Kwenye nchi ambayo samaki ndiyo furaha ya nyumba!

Akapewa na jiko la pembeni ili chakula chake kisiguswe na cha wengine. Na mle ndani, na vile vilivyobaki, wale wanawake wakafanya maajabu. Maganda yakawa chorchori. Ua la mgomba likawa mochar ghonto, linalosafishwa punje kwa punje, kila punje inatolewa kamba yake ngumu, mikono inabaki myeusi kwa utomvu siku mbili. Fenesi bichi likapikwa mpaka watu wakaliita mbuzi wa mtini. Tangawizi, bizari na mvuje vikachukua nafasi ya kitunguu. Dengu zikasagwa, zikaanikwa juani kwa vidonge, zikaitwa bori, akiba ya siku ambazo hakuna kitu. Baadaye wale wale waliowanyima samaki wakawa wanaenda kuomba sahani kwenye jiko la shangazi mjane, kwa sababu lilikuwa na ladha kuliko lao.

Hao wanawake wengi hawakuandika chochote. Vitabu vya mapishi vya Kibengali vilikuja baadaye, na kimoja kilichotukuka kilitoka kwa Pragyasundari Devi, mwanamke wa ukoo wa mshairi Tagore. Nyuma yake yapo maelfu ya wanawake wenye nguo nyeupe ambao majina yao hayapo popote. Walichobakiza duniani ni hicho chakula, basi, hakuna kingine.

Sasa anakuja mtu karne hii, anachukua chakula cha mwanamke aliyenyimwa, anakiita mtindo wa kujipenda, anaweka bei, na hasemi hata sentensi moja kuhusu aliyekitoa. Mjane wa kwanza alinyang'anywa samaki. Huyu wa sasa anamnyang'anya na maganda.

Halafu kuna chakula kimoja cha majiko hayo kinaitwa dhokar dalna. Ni vipande vya dengu zilizosagwa, vikakaangwa, vikapikwa kwenye mchuzi mpaka vinakaa kama nyama. Neno dhoka kwa Kibengali ni udanganyifu. Yaani walipika kitu kinachojifanya nyama, wakakipa jina Udanganyifu, wakakipakua mezani kwa jina hilo hilo. Ona uungwana huo. Mtu asiyekuwa na kitu alidanganya ulimi tu, na akakwambia kabisa kwamba anakudanganya. Mastaa wa video wana kila kitu, na bado wanashindwa kusema ukweli wa jina.

"LAKINI MAPISHI HUBADILIKA"

Hii ndiyo kinga yao, kila wakibanwa wanaikimbilia. Na ni kweli, hubadilika. Pilipili na viazi vinavyojaa kwenye sufuria za Kibengali vilitoka Amerika, vikafika Asia na meli za Wareno. Biriani ya Kolkata ina kiazi kizima ndani na watu wanakigombania. Rasgulla yenyewe mwaka 1868 ilikuwa kitu kipya mjini. Na mwaka 1930 familia ya Das hao hao wakaanza kuifungia kwenye makopo. Hakuna anayesema jiko ligeuzwe makumbusho.

Tofauti ni moja tu. Aliyebadilisha alisema amebadilisha, na kitu chake kikasimama kwa miguu yake. Hawa wanabadilisha halafu wanaandika "ya asili", kwa sababu neno asili linaleta watazamaji. Wangeandika "vidonge vya maziwa ya unga, vitamu, vya haraka", nani angewagombeza? Mtu amerudi kazini amechoka, ana kopo la maziwa ya unga na hamu ya kitu kitamu, afanye, ale, afurahi. Ila wasichukue jina la watu.

Na hoja ya muda nayo ni ya kujitungia. Payesh inataka vitu vitatu: lita moja ya maziwa, konzi moja ya mchele mdogo, na sukari. Mchele unauosha, unaupaka samli, unautia kwenye maziwa yanayochemka, unapika moto mdogo, unakoroga. Sukari unatia mchele ukishaiva, maana ukiitia mapema mchele unagoma kulainika. Ukitumia sukari guru, unaepua kwanza, unaacha ipoe kidogo ndipo unatia, la sivyo maziwa yatakatika. Hiliki mbili, zabibu kavu. Kama saa moja hivi, na katika hiyo saa unaweza kusikiliza stori za mama yako. Siri zenyewe ni hizo mbili, sukari mwisho na guru nje ya moto, na hakuna hata mmoja wa hao mastaa anayezitaja.

NANI ANALIPA?

Mwisho wa yote kuna mtu analipa, na siye staa. Ile sukari guru ya msimu, nolen gur, inatoka kwenye mtende pori. Miezi ya baridi mgema anapanda jioni, anachanja gome, anatundika chungu, anarudi kabla jua halijachomoza kwa sababu utomvu ukipigwa na jua unachacha. Halafu unachemshwa saa kadhaa kwenye karai pana mpaka unakuwa mwekundu na harufu inayofika barabarani. Kazi ni ngumu, ya hatari, ya miezi michache, na vijana wengi hawaitaki. Wakati huo huo sokoni kuna guru za bandia, sukari ya kawaida na rangi na manukato, bei rahisi. Kila video inayosema "tumia sukari ya kahawia tu, ni kitu kilekile" inamshusha yule mgema chini ya mti.

Waswahili walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kule mgema wa kweli yupo juu ya mtende na hakuna anayemsifu. Wanaosifiwa ni hawa wa kwenye taa ya duara, na maji wanayotia ni mengi mpaka tembo halionekani tena.

Wanachotakiwa kufanya ni kidogo tu. Waonyeshe vidonge vilivyosambaratika. Waseme walichobadilisha na sababu yake. Wamtaje aliyewafundisha, hata kama ni shangazi au mama wa jirani asiyejua kusoma. Sekunde kumi zinatosha, kwenye video ya dakika tano zipo. Na wewe mdau unayejifunza kupika, leo usiku maziwa yakikatika sufuriani usiyamwage. Chukua kitambaa.

Haya, uwanja ni wenu. Kuna anayewatetea hawa mastaa? Kuna aliyejaribu rasgulla ikamgomea? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.